Ibada ya nyumbani: namna ya kuianza, isife, na iingie kwenye maisha ya kila siku

Wapendwa, naandika hii kwa ajili ya wale wanaotamani sana familia zao ziwe na ibada nyumbani lakini kila wakianza inakufa. Wengi mnaijua hali yenyewe, mnaanza kwa moto, pambio, neno, maombi ya saa nzima, wiki ya kwanza raha tupu, wiki ya pili mtoto anasinzia baba kachelewa kurudi mama kachoka, wiki ya tatu hakuna anayekumbusha na kila mtu anajifanya hajaona. Mnabaki na hatia tu moyoni na Jumapili mkisikia mahubiri ya familia mnaangalia chini.

Watu wanasema tatizo ni muda. Mimi naamini mara nyingi ni ugomvi ambao haujaisha kati ya watu waliokaa pale sebuleni. Mtoto anajua kabisa kwamba baba na mama hawaongei tangu jana, halafu anaambiwa afumbe macho tuimbe. Anaimba, ila anaona. Ndo maana hatua zangu zinaanzia kwenye kupatana, kusoma kunakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: malizaneni nyie wawili

Kama mko mume na mke, tafuteni jioni ambayo watoto wamelala au hawapo, simu wekeni mbali, mkae. Yesu alisema kwenye Mathayo 5:23-24 kwamba ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo hapo, ukapatane kwanza kisha urudi. Angalia vizuri, hakusema ukikumbuka wewe una neno juu yake, kasema yeye ana neno juu yako. Na Petro akawaambia waume waishi na wake zao kwa akili na kuwaheshimu, "kusudi kusali kwenu kusizuiliwe" (1 Petro 3:7). Yaani mume anaweza akaomba kwa sauti kubwa mpaka jirani asikie na maombi yake yakawa yamezuiliwa kwa jinsi anavyoongea na mkewe.

Sasa mkikaa fanyeni hivi. Mmoja aulize, "kuna kitu nimekufanyia bado kinakuuma?" halafu anyamaze. Asijitetee, asiseme "lakini na wewe", asikilize mpaka mwisho hata kama anaona mambo yameongezwa chumvi. Akimaliza mwenzake, arudie kwa maneno yake alichokisikia ili ajue amekielewa, ndo aombe msamaha kwa kukitaja kitu chenyewe, "nisamehe kwa kukusema mbele ya ndugu zangu", sio "nisamehe kama nimekukosea". Hiyo "kama" inaharibu kila kitu kwa sababu inamrudishia mwenzako kazi ya kuthibitisha kwamba kaumia. Kisha mbadilishane.

Kuna mambo hayamalizwi jioni moja. Deni lililofichwa, usaliti wa ndoa, ulevi, hayo yanahitaji mtu wa tatu mwenye busara na anayetunza siri, mchungaji au padri au mshauri wa ndoa au wazee mnaowaamini wote wawili. Na kama nyumbani kuna kupigwa, naomba unisikilize vizuri, kwanza wewe na watoto muwe mahali salama na umwambie mtu anayeweza kukusaidia, sheria pia ipo kwa ajili hiyo. Kusamehe ni agizo la Bwana, ila hakuna mahali Yesu alisema msamaha ni kukaa unapigwa, na anayekuambia uvumilie tu uombe anakubebesha mzigo ambao Mungu hajakupa.

Mkishamaliza hayo kubalianeni mambo mawili madogo, nani ataongoza siku gani, na kwamba hakuna atakayetumia ibada kumpiga mwenzake vijembe. Ile ya "Bwana wasaidie wanaorudi usiku wa manane katika nyumba hii" huku kila mtu anajua anasemwa nani, hiyo iacheni kabisa. Una neno na mwenzako, mwambie mkiwa wawili, ndivyo Mathayo 18:15 inavyosema, wewe na yeye peke yenu.

Hatua ya pili: muda

Hii fupi. Msitafute muda mpya, haupo. Gundisheni ibada kwenye kitu ambacho tayari mnakifanya pamoja kila siku, kama ni chakula cha jioni basi vyombo visiondolewe kwanza, kama asubuhi ndo mko wote basi kabla ya kutoka. Dakika kumi na tano zinatosha, kwa wenye watoto wadogo sana hata dakika saba. Siku tano kwa wiki ni nyingi tayari, wanaofanya kazi za zamu wachague hata tatu lakini zijulikane. Na ikifika dakika ya kumi na tano funga, hata kama neno limenoga, kwa sababu watoto wakishajua kwamba ibada ina mwisho wanakuja bila kuvutwa.

Hatua ya tatu: cha kusoma

Wengi wanaanzia Mwanzo, wanakwenda vizuri na Nuhu na Ibrahimu na Yusufu, wakifika kwenye sheria za Walawi nyumba nzima inalala. Anzeni na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu, inakwenda haraka, Yesu yuko njiani muda wote anaponya, anabishana na watu, analala kwenye mashua. Mkisoma mistari kumi kumi hivi siku tano za wiki mtaimaliza kwa miezi mitatu na kidogo. Baada ya hapo nendeni Zaburi kadhaa, halafu Yakobo, sura 5 tu na kila sura inagusa maisha ya nyumbani, ulimi, pesa, upendeleo, hasira. Mithali nayo ina sura 31 kwa hiyo mwezi ambao mmechoka chukueni tu mithali mbili tatu kutoka sura ya tarehe ya siku hiyo.

Someni kwenye Biblia ya karatasi kama ipo. Ya kwenye simu ni Biblia kweli, shida ni kwamba katikati ya mlima wa kugeuka sura inaingia mesji na macho ya msomaji yanahama, watoto wanaona. Kama ni simu tu mliyonayo basi kateni data kwa muda huo.

Na msijione hamna uwezo eti kwa sababu hamjasoma chuo cha Biblia. Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa, alitembelea makanisa ya Saksonia kule Ujerumani akasikitika kukuta watu wengi hawajui hata mambo ya msingi kabisa ya imani, akarudi akaandika Katekisimu Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya msingi ya imani, mwaka 1529, na juu ya sehemu zake akaweka kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Hakuwaza kwamba kazi hiyo ni ya wachungaji peke yao. Amri kumi, imani, Baba Yetu, mzazi wa kawaida anaweza.

Hatua ya nne: jioni moja inavyokwenda

Tuchukue Marko 2:1-12, yule mwenye kupooza. Anayeongoza anasali sentensi mbili, "Bwana asante kwa leo, fungua masikio yetu." Basi. Mtoto anayejua kusoma asome mistari mitatu minne ya kwanza, akikosea neno msimrekebishe kwa ukali, mwingine aendelee. Mkimaliza uliza swali moja tu, na liwe swali ambalo hata wewe hujui jibu lake. Sio "nani alimponya?" maana hilo kila mtu anajibu "Yesu" na mjadala umekwisha. Uliza, "ungekuwa mmoja wa wale watu wanne waliombeba, ungekata tamaa wapi?" Mmoja atasema ningeuona umati ningerudi nyumbani. Mwingine, ningeogopa mwenye nyumba, tumemtobolea dari. Mdogo kabisa anaweza akauliza nani alitengeneza lile dari baadaye, na hilo ni swali zuri sana, msimcheke, kaeni nalo kidogo maana kweli kuna mtu alibaki na dari lililotobolewa ili mwingine atembee, na hapo mzazi anaweza akauliza sisi tuko tayari kuharibikiwa na nini kwa ajili ya mtu mwingine.

Halafu mnaona kwamba Yesu kabla hata ya kusema simama utembee alisema, "Mwanangu, umesamehewa dhambi zako." Acha hilo liingie lenyewe, usihubiri.

Kisha maombi. Kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru na jambo moja linalomsumbua, na anayekaa kulia kwake amwombee. Hii ya kuombeana ina nguvu kuliko kila mtu kujiombea kwa sababu mtoto anamsikia mama yake akiombewa kuhusu kazi yake, anamsikia kaka aliyemnyang'anya kalamu mchana akimwombea mtihani. Anayeona aibu kuomba kwa sauti aruhusiwe kusema "Bwana msaidie, amina", inatosha, msimlazimishe kurefusha. Funga kwa Baba Yetu pamoja.

Wimbo? Mkiwa na nguvu ndiyo. Siku mmechoka acheni.

Hatua ya tano: kuombana msamaha mbele ya watoto

Hapa nitakaa kwa muda kwa sababu ndipo ibada inapoingia kwenye maisha au inapokuwa desturi tu. Wakolosai 3:21 inawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao "wasije wakakata tamaa", na Waefeso 6:4 inarudia jambo lile lile. Paulo angeweza kuishia kwenye mstari wa kabla yake, watoto watiini wazazi, ambao sisi wazazi tunaupenda na kuunukuu kila saa. Akaendelea akawageukia wazazi. Yaani Biblia inakubali kwamba mzazi anaweza kumkosea mtoto, na kosa hilo linaweza likamvunja moyo kabisa.

Kwa hiyo ukimkosea mtoto, umempigia kelele kwa kosa ambalo sio lake, umemdharau mbele ya wageni, umeahidi ukasahau, mwite. Inama au kaa chini ili macho yenu yalingane. Mwambie, "Mwanangu, asubuhi nilikufokea kuhusu viatu. Nilikuwa na haraka zangu, wewe hukufanya kosa. Nimekosea, naomba unisamehe." Hapo simama. Usiongeze "lakini na wewe ungekuwa unavaa mapema". Na usimlazimishe ajibu papo hapo, wengine wanahitaji nusu saa, wengine wanakumbatia na kukimbia kucheza.

Kuna wazazi wanaogopa kwamba mtoto atawapanda kichwani. Naelewa wanakotoka, wengi tumelelewa kwamba mkubwa hakosei. Lakini fikiria huyo mtoto anasikia kila Jumapili kwamba sote tumetenda dhambi, anaangalia nyumbani, anaona wawili hawajawahi kukosea hata siku moja. Atajifunza nini, kwamba kutubu ni kwa watoto na ukishakua unaacha? Adabu haipungui. Anayeombwa msamaha na mzazi wake anajua na yeye namna ya kuomba, kwa sababu ameisikia kwa masikio yake maneno yanavyopangwa.

Na baina ya watoto wenyewe, acheni ile ya "mwambie mwenzako pole" inayotoka kwa meno yaliyokazwa. Chukua dakika mbili, aliyekosa ataje alichofanya, aliyekosewa aseme kilichomuuma, kama kitu kimeharibika kirekebishwe au kirudishwe, Zakayo alirudisha mara nne (Luka 19:8), ndo msamaha uombwe na utolewe. Watoto wakizoea hivi watakuja kukufundisha wewe.

Waefeso 4:26 inasema jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, kwa hiyo kama ibada yenu ni ya jioni wekeni nafasi kabla ya maombi, anayeongoza aulize tu, "kuna mtu ana jambo na mtu leo?" Kimya kikipita sekunde kadhaa endeleeni. Siku nyingi hakuna. Siku ikiwepo, hiyo ndo itakuwa ibada yenyewe, hata msiposoma mstari mmoja.

Hatua ya sita: wale wakubwa, kuanzia miaka kumi na mbili kumi na tatu

Hawa hawafurahii maswali ya mbele ya wote. Wape kazi, mmoja achague kifungu cha wiki, mwingine aongoze Ijumaa. Na wakileta maswali magumu, kwa nini Mungu aliacha fulani afe tulipomwombea, mbona kanisani kuna watu wanafiki, msiwatishe kwa "usimjaribu Bwana". Mwanaume mmoja alimwambia Yesu kwenye Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu hakumfukuza, mtoto wake akapona siku ile ile. Sema "sijui, tutafute pamoja" na kweli mtafute.

Kingine, kila mmoja apate muda wake peke yake na mzazi. Susanna Wesley, mama yake John na Charles Wesley walioanzisha Umethodisti, alizaa watoto 19 ingawa wengi walifariki wakiwa wachanga, na pamoja na kazi zote za nyumba kubwa namna ile alipanga kila mtoto awe na jioni yake katika wiki ya kuongea naye faragha mambo ya roho. Ukiwa na watoto watatu na kazi ya kutwa inawezekana, hata ikiwa ni dakika ishirini mkitembea.

Hatua ya saba: ipelekeni mchana

Kumbukumbu la Torati 6:7 inasema haya maneno yanenwe uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Kwa hiyo kilichosomwa jana usiku kinatakiwa kikutane na kitu leo mchana. Pesa kwa mfano. Kama kuna mtu anawafanyia kazi, mlipeni siku mliyokubaliana, Mambo ya Walawi 19:13 inasema ujira wake aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi, na watoto wanajua kabisa kama anayewasaidia nyumbani anadai. Kwenye Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Hapo mjiulize kama familia, tunatoa kanisani na bibi hana dawa?

Simu nayo. Mtu anapiga, mzazi anamwambia mtoto "sema sipo". Mtoto huyo jioni anafundishwa amri ya kutoshuhudia uongo! Sema ukweli, "mwambie siwezi kuongea sasa hivi nitampigia". Mambo kama haya yanaonekana madogo ila ndiyo mtoto anayoyakumbuka.

Na maneno kuhusu watu. Mkitoka kanisani, safari yote ya kurudi isiwe kumchambua mhubiri na kwaya. Badala yake kila mmoja aseme neno moja lililomgusa, dereva aanze.

Kama uko peke yako katika imani

Wengi wananiuliza hili. Mume hataki, au mke amekata tamaa na dini, au unalea peke yako. Timotheo baba yake alikuwa Myunani na mama yake Myahudi aliyeamini (Matendo 16:1), na Paulo anapoitaja imani ya Timotheo anasema ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, baba hatajwi. Na anasema tangu utoto Timotheo aliyajua maandiko matakatifu. Mtu alimfundisha nyumbani, na kwa maelezo hayo ni wanawake wawili.

Basi anza na watoto wakati ambao haumkwazi mwenzako, kwa mfano wakienda kulala, zaburi moja fupi, ya 23 ina mistari 6 tu, ya 117 ina miwili. Usiwafanye watoto wamwone baba yao kama mtu wa kupotea, wamwombee kwa heshima, wamtaje kwa mema anayoyafanya. Usimwachie vipeperushi kwenye mto wa kitandani. Petro anasema wapo watakaovutwa pasipo neno, kwa mwenendo tu (1 Petro 3:1), na mwenendo huo anauona kwenye namna unavyomjibu akiwa amekosea. Mkaribishe mara moja moja, akikataa usinune.

Anayeishi peke yake naye asiseme hii haimhusu. Piga simu kwa ndugu au rafiki mmoja, someni kifungu kimoja, muombeane dakika tano, siku mbili kwa wiki.

Ikikatika

Itakatika. Msiba, ugonjwa, mtihani, safari. Msikae kikao cha kulaumiana nani aliacha kukumbusha, na msijaribu kufidia siku zilizopita kwa ibada ya saa mbili, maana hiyo ndo itaiua kabisa. Wekeni alama kwenye Biblia kila jioni mnapoishia, karatasi yoyote. Mkirudi fungueni hapo hapo kwenye alama, aliyekuwa zamu ya kuongoza aongoze, na kama mapumziko yalikuja na kununiana basi mrudi kwanza hatua ya kwanza, hata usiku huo huo kabla ya kuwaita watoto.